Waya ya Pili na ya Tatu

Tata Yav aliinunua mwaka wa themanini na tano
kwa Mgiriki aliyekuwa akiuza kila kitu apande ndege:
kompyuta ya rangi ya chai ya maziwa,
vitufe vigumu kama meno ya mbuzi,
kioo chake televisheni, kumbukumbu yake kaseti.
Hesabu za chama cha akiba cha Katuba zilikaa humo,
zikilia kama nyenje kila kaseti ilipozunguka.

Kisha miaka thelathini chini ya kitanda,
pamoja na koti la harusi na pampu ya baiskeli.

Mimi ni fundi wa simu, nyuma ya soko la Kenya.
Kioo kimepasuka, betri imevimba, tundu la chaji limelegea:
hayo nayajua gizani.
Sikuwahi kushika mlango wenye pini ishirini na tano,
mpana, na skrubu mbili pembeni
kama nyumba ya mtu anayeogopa wezi.

Nilichora pini kwenye karatasi ya maandazi, mafuta yakafuta ya saba.
Nikaunga ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu.
Kimya.
Tata Yav akainama, akacheka:
«Umeweka mdomo kwenye mdomo.
Hilo ni busu, si mazungumzo.»

Nikazikata, nikazipishanisha.
Waya ni shaba. Ilitoka hapa,
ikarudi kutoka ng'ambo imevaa plastiki na bei.

Mashine ya zamani husema kwa volti kumi na mbili;
kidude kipya cha Wi-Fi, kidogo kuliko kidole gumba,
hushiba kwa tatu, zaidi ya hapo kinakufa.
Nikaweka mshenga katikati, wa miguu kumi na sita,
anayepokea maneno makali upande huu
na kuyafikisha kwa upole upande ule.

Zipo pia waya ambazo hazibebi neno.
Moja kazi yake kubisha: hodi?
Nyingine kujibu: karibu.
Ukizisahau, maneno yanamwagika uani
na hakuna wa kuyaokota.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Chuma cha kulehemu kikapoa mkononi.
Tulikaa. Hakusema mengi, hasemi mengi
tangu kinu cha kusaga mawe kilipomla masikio,
zamu ya usiku, miaka ishirini na mitatu,
na pamba puani badala ya masikioni
kwa sababu vumbi ndilo waliloliogopa.

Umeme ukarudi. Nikawasha kwa mwendo wa kisasa,
laki na zaidi kwa sekunde:
visanduku, maua, alama za kuuliza,
kioo kizima cha takataka.
Nikaongeza nguvu. Takataka zaidi.

Halafu nikakumbuka kitu ambacho kila mtoto wa nyumba hii anajua.
Ukitaka Tata akusikie, usipige kelele.
Punguza mwendo.

Mia tisa na sita, mia mbili juu yake... hapana.
Elfu moja mia mbili. Hapana.
Mia tatu.

Na zikaja, moja baada ya nyingine,
herufi kubwa tupu, maana mashine hii haijui ndogo,
kutoka simu ya binti yake kule Kolwezi:

TATA MUKO MUZURI? NI MIE MUJINGA

Simu tuliyompa ameifunga kwenye kitambaa, kabatini.
Humo, anasema, maneno yanapita kama watu wenye madeni.
Haya aliyasoma yakiwa yanafika,
midomo ikisogea, nusu herufi nyuma.

Akavaa miwani. Akatafuta N kwa kidole kimoja,
akaipata. Akatafuta I.

NIKO. ANDIKA TENA

Bukari ikapoa mezani.
Mama Ngoie akaifunika kwa sahani,
akavuta kiti, wakakaa wawili
wakikitazama kishale kinavyopepesa,
kinabisha,
kinabisha.